Maswali ya Wasomaji: Mbangi Umechanua, Majani Yanageuka Manjano

SWALI: Mimi ni mzaliwa wa Tanga ninayeishi Berlin. Tangu sheria ya huku iliporuhusu, ninaotesha mibangi mitatu ndani ya hema dogo la kuoteshea, chini ya taa ya LED, katika udongo wa dukani uliojazwa kwenye ndoo za lita 11. Mmoja uko katika wiki ya 5 ya kuchanua. Majani yake ya chini yamekuwa manjano na yanadondoka. Ya katikati yamepauka kati ya mishipa huku mishipa yenyewe ikibaki kijani. Ncha za karibu majani yote zimekuwa kahawia kana kwamba zimebabuliwa na moto. Na yale ya juu kabisa yamekunja kingo kama mtumbwi. Nilidhani mmea una njaa, nikauongezea mbolea ya kuchanulia mara mbili, hali ikazidi kuwa mbaya. Namwagilia maji ya bomba. Mmea wangu unakosa nini? (Msomaji, Berlin)

JIBU: Kabla ya majani, neno moja kwa wasomaji wengine. Ujerumani iliruhusu kuanzia tarehe 1 Aprili 2024 kila mtu mzima anayeishi huko kuotesha nyumbani mibangi isiyozidi mitatu kwa wakati mmoja, mahali ambapo watoto hawafikii. Tanzania na Kenya kuotesha mmea huu ni kosa la jinai, kwa hiyo jibu hili lisichukuliwe kuwa ruhusa kwa msomaji wa Tanga au wa Mombasa.

Sasa tuje kwenye barua yako, ndugu yangu. Umeeleza dalili nne ukazihesabu kuwa ugonjwa mmoja, na hapo ndipo ulipopotea njia, kwa sababu kila moja ina chanzo chake, na katika zote nne ni moja tu inayoweza kudai kuongezewa kitu. Mmea hauna namna ya kusema unaumwa wapi, lakini husema kwa mahali: ni majani yapi yaliyoanza, ya chini yaliyo makongwe au ya juu yaliyo machanga. Nitrojeni, magnesi na potasiamu ni virutubisho vinavyohama. Vikipungua, mmea huvinyang'anya kutoka kwenye majani makongwe na kuvipeleka kunakokua. Kalsiamu na chuma havihami, kwa hiyo upungufu wake huonekana kwanza kwenye majani mapya.

Majani ya chini yaliyogeuka manjano jani zima, mishipa pamoja na sehemu zilizo kati yake, ni nitrojeni inayohamishwa. Katika wiki ya 5 jambo hili halinitishi hata kidogo. Mmea unaochanua huacha kujenga majani na kuanza kula akiba yake, tena majani hayo ya chini yamefunikwa na kivuli na hayana kazi kubwa tena. Yachume yanapolegea, usiyaache yaoze juu ya udongo. Ningekuwa na wasiwasi kama umanjano huo ungepanda hadi nusu ya mmea huku bado zimesalia wiki nne za kuchanua.

Ncha zilizobabuka zina maelezo mepesi: ni mbolea iliyozidi. Chumvi za mbolea zikirundikana kwenye udongo, mizizi hushindwa kuvuta maji vizuri, na ncha ya jani, iliyo mbali kuliko sehemu zote, ndiyo huungua kwanza. Wewe mwenyewe umeandika kwamba uliongeza mara mbili.

Dalili iliyonifanya niisome barua yako mara ya pili ni ile ya majani ya katikati. Kupauka kati ya mishipa huku mishipa ikibaki kijani, tena kwenye majani ambayo si machanga, ni alama ya upungufu wa magnesi, madini yaliyo katikati ya kila chembe ya umbijani, ile rangi ya kijani ya majani. Lakini kukosa magnesi ndani ya jani si lazima kuwe kukosa magnesi ndani ya udongo. Mbolea za kuchanulia zimejaa potasiamu, na maji ya bomba ya Berlin ni magumu, yaani yamebeba kalsiamu nyingi. Tazama ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika lako la chai. Potasiamu na kalsiamu hushindana na magnesi kwenye mlango wa mzizi, na zikiwa nyingi mno magnesi hubaki nje. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba mbolea uliyoongeza kwa nia ya kuushibisha mmea ndiyo iliyousababishia njaa.

Fanya hivi. Nunua kipimo cha pH, yaani cha kiwango cha asidi (namba ikishuka, asidi imezidi), kile cha kuchovya, na ukisahihishe kwa maji yake maalumu kabla ya kukitumia, kwa maana kipimo kisichosahihishwa kitakupeleka pabaya kuliko kutokuwa nacho. Mwagilia maji yenye pH ya 6.5 mpaka yaanze kuchuruzika chini ya ndoo, kinga yale yaliyochuruzika, uyapime. Katika udongo tunataka yawe kati ya 6.0 na 6.8. Yakishuka chini ya hapo, magnesi hupatikana kwa shida. Yakipanda sana, ni chuma na fosforasi zinazofungika. Kipimo hiki si kamili, lakini kitakuonyesha upande ulikoelekea.

Baada ya hapo beba ndoo hadi bafuni, uiweke kwenye beseni la kuogea, na uisuuze kwa maji matupu, kama lita 20 hadi 25, ukimimina kidogo kidogo kwa muda wa saa moja ili maji yapite kwenye udongo wote badala ya kuteleza pembeni mwa ndoo. Iache ichuruzike kabisa. Kisha usimwagilie tena mpaka ukiinyanyua kwa mkono mmoja uhisi imekuwa nyepesi. Mizizi iliyosuuzwa inahitaji hewa, na udongo uliolowa wiki nzima utakuletea majani yaliyolegea na kuinama, ugonjwa wa tano. Ukirudisha mbolea, iwe nusu ya kiasi kilichoandikwa kwenye chupa.

Ikiwa baada ya siku saba hadi kumi mpauko bado unapanda kwenye majani mengine, hapo ndipo uongeze magnesi: gramu 1 ya chumvi ya Epsom, ile ambayo wazee wetu waliiita haluli na kutunywesha tulipovimbiwa, katika kila lita ya maji ya kumwagilia. Usiinyunyizie juu ya maua. Jani lililokwisha kuharibika halitarudi kuwa kijani, kwa hiyo usiipime dawa yako kwa jani hilo. Tazama yale ya jirani yake.

Majani ya juu yaliyokunjamana kama mtumbwi hayahusiani na mbolea wala maji. Yako karibu mno na taa. Usidanganyike kwamba taa ya LED haichomi kwa kuwa mkono wako hauhisi joto. Mwanga peke yake unatosha kulichosha jani. Pandisha taa kwa sentimita 10 au punguza nguvu yake, na majani yanayochipuka baadaye yatatandaa.

SWALI: Mibangi yangu miwili iliyochanua imepata unga mweupe juu ya majani. Kwetu Mtwara mikorosho ikipata hivyo hupuliziwa salfa. Je, niipulizie? Hapa kwetu kuotesha ni halali. (Msomaji, Toronto)

JIBU: Usipulizie. Kwanza hakikisha ni unga kweli, kwa sababu majani madogo yaliyo karibu na maua hufunikwa na vinyweleo vyenye utomvu ambavyo kwa mbali huonekana vyeupe. Pitisha kidole: unga utafutika na kuacha jani likiwa kijani, ilhali utomvu utanata na kunukia. Ukitumia kioo cha kukuzia utaona vinyweleo vimesimama kimoja kimoja kama pini zenye vichwa, lakini unga hulala chini kama utando.

Kama ni unga, huo ni ubwiri unga, ndugu wa ule wa mikorosho ingawa ukungu wenyewe si ule ule. Tofauti iliyo kubwa ni kwamba korosho humenywa maganda kabla ya kuliwa, wakati ua la mbangi haliwezi kuoshwa salfa iliyoganda kati ya vikonyo vyake, nayo huvutwa mapafuni. Kata majani yote yaliyoshikwa, uyatie ndani ya mfuko ukiwa bado humo humo ndani ya chumba, kwa kuwa ukiyabeba mkononi utatawanya vijimbegu vya ukungu nyumba nzima. Punguza majani ya ndani ili hewa ipite, weka feni inayopuliza pembeni badala ya kuelekea moja kwa moja kwenye maua, na ushushe unyevu wa hewa hadi kati ya asilimia 40 na 50. Ua lililokwisha kuingiwa na unga litupe, hata kama ndilo kubwa kuliko yote.