Kompyuta Kuganda Wakati wa Kunakili Mafaili Makubwa

SWALI: Mhariri, ninahariri video za harusi hapa Kibokoni, Mombasa. Kila ninaponakili mafaili makubwa kutoka kwenye seva ya ofisi, kompyuta yangu ya Linux yenye RAM ya GB 16 huganda mpaka kazi ikaribie kwisha. Je, kebo ya mtandao ni mbovu?

JIBU: Ndugu msomaji, kebo mbovu hupunguza kasi, lakini ni nadra kuigandisha kompyuta nzima. Data inayoingia huwekwa kwanza kwenye RAM kabla ya kuandikwa diskini, na kwa kawaida Linux huiruhusu ifikie asilimia 20 ya kumbukumbu iliyopo. Mtandao ukiizidi diski kwa kasi, rundo hilo hujaa, na hapo programu nyingine zinazotaka kuandika chochote, hata kivinjari, hulazimika kusubiri. Fungua dirisha la amri, andika

watch "grep -E 'Dirty|Writeback' /proc/meminfo"

kisha uanze kunakili. Namba ya Dirty (data inayosubiri kuandikwa diskini) ikipanda hadi kB milioni mbili au zaidi, na kompyuta ikaganda papo hapo, basi chanzo kina uwezekano mkubwa kuwa hicho. Punguza kiwango:

sudo sysctl vm.dirty_background_bytes=67108864 vm.dirty_bytes=268435456

yaani MB 64 na MB 256. Ukiridhika, hifadhi mabadiliko haya kwenye faili ndani ya /etc/sysctl.d, kwani la sivyo yatapotea utakapozima. Hali isipobadilika, ninakusihi uipime diski kwa smartctl, programu ya kukagua afya ya diski, kabla ya kuikabidhi harusi nyingine ya mteja.