Klampu ya kunyanyulia pleti: kubwa sio lazima ndo salama

Mkuu, umesema una karakana ya matenki, umechoka kubebesha vijana pleti za chuma za futi 8 kwa 4, umepata klampu ya mtumba yenye uwezo wa kunyanyua tani 3 na unataka uinunue maana kubwa ndo salama. Achana nayo. Bosi wetu wa zamani aliwaza hivo hivo, tulikua tunatengeneza bodi za malori Dar, na kidogo anizike.

Ujue klampu ya wima, yaani hii ya kunyanyua pleti ikiwa imesimama, haikazwi na mkono wako. Ndani kuna taya lenye meno linalozunguka, ukivuta juu uzito wa pleti yenyewe ndo unalisukuma liume. Pleti nyepesi, linauma kidogo. Ndo maana watengenezaji wengi wanakwambia usinyanyue mzigo ulio chini ya asilimia 10 ya uwezo wa klampu, wengine 20. Sasa piga hesabu, chuma ni kilo 7.85 kwa kila mita ya mraba kwa kila milimita ya unene, pleti ya 8 kwa 4 ni karibu mita 3 za mraba, kwa hiyo ya milimita 6 inacheza kwenye kilo 140. Asilimia 10 ya tani 3 ni kilo 300. Hata nusu hatufiki!

Siku hiyo tunaipeleka pleti kwenye stendi, kona ya chini ikagusa ukingo, uzito ukatoka kwenye klampu sekunde moja tu, na loki inayozuia taya lisiachie haijafungwa (kijana wa chenibloku, ile winchi ya mnyororo, alijua nimefunga mimi, mi najua kafunga yeye), taya likaachia. Pleti haianguki kama gunia mkuu, inateleza ubavu kama karata, ikapita hatua mbili kutoka nilipo, ikakata waya wa welding na kuchimba sakafu. Masikio yalilia mpaka jioni na kile kishimo kidole kinaingia.

Kwa kazi yako chukua ya tani 1, na kama yako inataka asilimia 20 basi kwa hizo za milimita 6 shuka mpaka ya nusu tani. Angalia pia unene wa pleti ambao klampu imeandikiwa, na kama maandishi yamefutika muachie muuzaji klampu yake. Meno yakiwa yamelika hayanolewi kwa grainda wala hayajazwi kwa welding, inatupwa.

Afu pleti moja moja. Najua vijana watataka wabane mbili kwa mpigo waende chai mapema, ila meno yanauma ile ya upande mmoja tu, katikati ni chuma kwa chuma na mafuta ya kiwandani juu yake, moja itachomoka. Futa mafuta, rangi na kutu pale taya linapokaa, sukuma klampu mpaka pleti igote mwisho, funga loki, nyanyua kidogo tu kwanza uone imeuma. Shika kamba iliyofungwa kwenye pleti, sio pleti yenyewe, hasa kama mlango uko wazi na upepo unaingia. Ukiinua iliyolala, ule ukingo wa chini unaweza kuponyoka, weka gogo na asisimame mtu upande huo.

Zile ndefu za mita 6 tumia klampu mbili ila minyororo isilale sana, ikifika digrii 30 kutoka usawa wa pleti kila mnyororo unabeba uzito mzima badala ya nusu, na klampu zinavutwa ubavu wakati nyingi hazikuumbwa hivo.

La mwisho, umesema chenibloku utaifunga kwenye kenchi. Kenchi mara nyingi zinapigiwa hesabu ya kubeba paa tu mkuu, sio kuning'iniza mzigo, weka picha kwanza kabla hujafunga chochote.