Mkuu, usianze kupima kabla hujaona rojo linasogea vipi

Mkuu, simama hapo hapo. Umesema una rojo la koloidi (chembe ndogo mno ndani ya kimiminika) lenye chembe asilimia 60 kwa ujazo, sahani mbili laini, upenyo wa milimita 1 kati yake, na unauliza utumie mlinganyo gani kwenye grafu yako na uzuieje sampuli isikauke. Mlinganyo baadaye. Hiyo grafu yenyewe itakudanganya.

Reomita, hiyo mashine ya kupima vitu vinavyotiririka, haioni kilichomo ndani. Inachukua mwendo wa sahani, inagawanya kwa upenyo, kisha inakuandikia kasi ya shia (tabaka za rojo zinapishana kwa kasi gani) kana kwamba rojo zima linatiririka sawasawa. Ukishapita asilimia 58, rojo la chembe ngumu linakuwa limeshikana. Kikitembea kipande cha milimita 0.1 tu na kwingine kote kumelala, kasi halisi pale ni mara 10 ya ile unayosoma.

Sura nzima ya tasnifu yangu ilitupwa kwa hili. Kumbe nilikuwa napima utando wa kimiminika ulio kati ya sahani na chembe, mwembamba kuliko chembe moja, huku rojo lote likiteleza juu yake kama kipande cha sabuni kwenye sakafu yenye maji. Mkazo wa kuanza kutiririka ukaonekana mdogo kuliko ulivyo. Na yule aliyekuja kutufundisha mashine alitwambia data ikijirudia ni sahihi! Nina hasira naye mpaka leo. Utelezi nao hujirudia, tena vizuri sana.

Chukua kalamu ya wino, chora mstari wima ukingoni, kutoka sahani ya juu, upite kwenye sampuli, ufike ya chini. Zungusha polepole. Mstari ukiinama wote umenyooka, sawa. Ukikatika pale rojo linapogusa sahani, huo ni utelezi: kwaruza sahani kwa msasa, au gundisha chembe juu yake, urudie kwa upenyo wa milimita 0.5. Grafu mbili zisipolaliana, bado unateleza.

Mstari ukiinama sehemu moja tu, una bendi, yaani tabaka moja linatiririka na jingine limelala, na msasa hautakusaidia. Palipo na chembe chache kidogo panakimbia, panasukuma chembe kwenda palipolala, na kwa msongamano huo tofauti ndogo tu inabadilisha mnato vibaya mno. Hata ukiweka koni badala ya sahani ya juu, haikuokoi.

Weka hapa picha ya huo mstari, ndipo tuongee milinganyo.