Mbona picha zangu kama zimepigwa na watu kumi?

SWALI: Napiga picha mitaani hapa Nairobi, Gikomba na Tom Mboya hasa, kwa kamera ya dijitali na nyingine kuukuu ya filamu ya milimita 35. Nimenunua priseti (mipangilio ya rangi iliyo tayari) kadhaa za Lightroom, programu ya kuhariri picha, lakini nikizipanga picha pamoja hazifanani hata kidogo. Ngozi hapa nyekundu, pale kijivu. Nitapataje mtindo wangu?

JIBU: Priseti hufanya badiliko lilelile kwa kila picha. Ukiipa picha kumi za mwanga tofauti, itakurudishia picha kumi tofauti. Kazi yako ianzie kwenye kamera.

Ondoa AWB kwanza, yaani kamera kujisawazishia rangi nyeupe. Kamera ikijichagulia rangi, huibadilisha kila unapogeuka: matatu ya njano ikijaa kwenye fremu, inaongeza buluu kuifidia, na uso wa kondakta unageuka kijivu. Weka WB (usawa wa rangi nyeupe) kwenye alama ya jua, au Kelvini 5,500, kipimo cha rangi ya mwanga, uiache hapo kutwa nzima. Filamu nyingi za rangi zimetengenezewa mwanga huohuo wa mchana, kwa hiyo hatua hii peke yake huzisogeza kamera zako mbili karibu. Kivulini picha zitakuwa na ubuluu, jioni zitakuwa za dhahabu. Usizisawazishe, hiyo ndiyo hali halisi ya mwanga.

La pili ni kipimo cha mwanga, na hapa ndipo wengi hukosea. Mita, yaani kipima mwanga cha kamera, huchukulia kwamba kila kitu ni kijivu cha wastani. Mama mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya mabati yanayong'aa, kamera itapunguza mwanga na sura yake itapotea. Pima usoni pake kwa mita ya nukta, inayopima sehemu ndogo tu, kisha punguza stopu moja hivi (nusu ya mwanga) ili ngozi ibaki na weusi wake. Kwenye dijitali linda sehemu nyeupe, maana zikishaungua hazirudi. Filamu ya negativu ni kinyume: kivuli kisichopata mwanga ndicho kisichorudi. Filamu ya rangi ya ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kunasa mwanga) ipime kama 200, yaani ipe mwanga maradufu, isafishwe kawaida.

Kisha kuna studio inayosafisha na kuskani filamu yako. Skana zao mara nyingi husawazisha kila fremu peke yake, na kuharibu yote uliyoyapanga. Omba wazime marekebisho ya kiotomatiki, wakupe faili za TIFF, zisizopoteza ubora. Una shaka? Weka negativu juu ya skrini nyeupe ya simu. Fremu zikilingana uzito (kiasi cha weusi) ilhali skani zinatofautiana, kosa ni la skana.

Jua la adhuhuri Nairobi liko karibu utosini, na macho huzama kwenye weusi. Ama ulikubali, upige vivuli vikali kwa makusudi, ama usubiri saa kumi na moja jioni. Chagua moja, na lenzi moja, ya milimita 35 au 50, kwa miezi mitatu.

Baada ya hapo chapisha picha 40 za inchi 4 kwa 6, zitandaze sakafuni. Ondoa kila unayoipenda kwa sababu ya tukio tu. Zilizobaki zigeuze juu chini, usiwaone watu bali maumbo: umesimama umbali gani, weusi umekaa wapi, ukingo umekata nini. Kinachojirudia katika zaidi ya nusu yake ni chako. Filamu yako inayofuata yote ipige hivyo.