Maswali na Majibu: Otomata yenye kaunta

Otomata yangu imeshindwa kuhakiki kama magunia ya karafuu yaliyoingia ghalani yametoka yote. Je, nikiiongezea hali hadi 1,000? (Msomaji, Tunguu)

Haitasaidia. Otomata ni mashine ya kufikirika inayosoma alama moja moja, na inachokumbuka ni hali iliyomo tu, kati ya hali ilizopewa. Andika *i* kwa gunia linaloingia, *t* kwa linalotoka. Kuanzia kabla ya kusoma chochote hadi *i* ya 1,000 unapata vituo 1,001, na hali ni 1,000, kwa hiyo vituo viwili lazima viangukie hali moja. Tuseme ni baada ya *i* 7 na baada ya *i* 12. Sasa soma *t* 7. Ikikubali mfuatano wa kwanza, itakubali na wa pili: magunia 5 yamebaki ndani, wala mashine haina habari. Dawa ni kaunta moja, yaani kihesabu kinachotunza namba: *i* huongeza 1, *t* hupunguza 1, mwisho ikaguliwe kama ni sifuri. Wengi husahau kukataa *t* pale kaunta ilipo 0, na hapo *ti* hupita, gunia likatoka kabla halijaingia.

Kuiruhusu otomata isiyo na kaunta ibahatishe njia, au isome mbele na nyuma, kunaiongezea uwezo? (Chake Chake)

Hapana. Wanahisabati Rabin na Scott walilithibitisha hilo mwaka 1959. Kinachobadilika ni ukubwa tu: hali 10 za kubahatisha zinaweza kudai hadi 1,024 zisizobahatisha.

Rundo moja na kaunta mbili, kipi kina nguvu zaidi? (Wete)

Kaunta mbili, mradi zikaguliwe sifuri. Rundo ni hifadhi ambayo cha mwisho kuwekwa ndicho hutolewa kwanza; moja halimudu herufi *a*, *b* na *c* zilizopangwa kwa idadi sawa. Kaunta mbili zinafikia mashine ya Turing, yaani kielelezo cha kompyuta yoyote, kama alivyoonesha mtaalamu wa kompyuta Minsky mwaka 1961, na hili ndilo jambo tamu kuliko yote hapa. Namba mbili, tuziite *a* na *b*, hufichwa pamoja katika kaunta moja kama 2ᵃ × 3ᵇ. Kwa *a* = 3 na *b* = 1, kaunta ya kwanza ina 24. Kuongeza *a*, ondoa 1 hapo na utie 2 kwenye ya pili, mpaka ya kwanza iishe: 48. Kisha zirudishe. Kupunguza ni kinyume chake: ondoa 2, tia 1. Likibaki 1 pekee, *a* ilikuwa 0, basi rejesha namba ya awali. Gharama yake ni kubwa mno: *a* ikiwa 30 peke yake, kaunta hubeba 1,073,741,824.

Na nikiondoa ukaguzi wa sifuri katikati ya kazi? (Mkoani)

Nguvu hushuka sana. Mwaka 1981 mtaalamu wa kompyuta Mayr alionesha kuwa ipo njia ya uhakika ya kujua kama mashine ya aina hiyo, hata yenye kaunta nyingi, itafikia hali fulani kaunta zote zikiwa 0. Ukiurudisha ukaguzi kwenye kaunta mbili tu, njia hiyo haipo kabisa.