Mwaka wa Chama cha Mdahalo cha Oxford

Swali: Mhariri, binti yangu amepata nafasi katika Chuo Kikuu cha Oxford na anatamani kujiunga na chama cha mdahalo, Oxford Union. Mwaka wao huendaje?

Jibu: Ndugu msomaji, chama hicho, kilichoanzishwa mwaka 1823, hufuata mihula mitatu ya chuo, na kila muhula huwa na rais wake, utaratibu ninaoupenda kwa kuwa huwapa vijana wengi nafasi ya kuongoza. Mdahalo mkuu ukimalizika, wanachama hupiga kura kwa mlango wanaotokea: wa kulia kuunga mkono hoja, wa kushoto kuipinga. Mnamo tarehe 9 Februari 1933, hoja ya kukataa katakata kumpigania mfalme na nchi ilipita kwa kura 275 dhidi ya 153, ikazua hasira kubwa nchini Uingereza.