Endelea kutazama filamu za mapenzi

Ndugu yangu, umeuliza kama uache filamu za mapenzi kwa kuwa kila hadithi unayoandika inafanana nazo. Usiache. Filamu ina uso wa mwigizaji na muziki. Wewe una maneno tu, ndiyo maana "walitazamana, machozi yakiwalengalenga" haimgusi msomaji.

Soma Pride and Prejudice, riwaya ya mapenzi ya Jane Austen (1813). Darcy anapomposa Elizabeth mara ya pili, naye akamkubali, Austen hatupatii maneno ya furaha ya Darcy. Anatuambia tu kwamba alijieleza kwa busara na moto wa mtu aliyezama katika mapenzi. Naupenda mno ujasiri huo!

Basi chukua tukio la filamu lililokugusa, uliandike upya bila busu wala mvua, ukikaa ndani ya mawazo ya yule anayengoja jibu.